Mbwa kijana mwenye tabia ngumu: jinsi ya kumpatia makao mapya asirudishwe kituoni

Mbwa anayerudishwa kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa mara nyingi ni wa aina moja. Ana kati ya miezi 6 na miaka 2, mwili umeshakuwa kama wa mbwa mkubwa lakini akili bado ya kitoto, na ana tabia moja au mbili zinazomshinda kila anayemchukua. Anavuta kamba, anarukia wageni, anabwekea wenzake, analinda bakuli lake, au anatafuna mlango akiachwa peke yake. Anaondoka Jumamosi, Jumatano amerudi.

Ukichunguza marejesho hayo utakuta makosa mawili yakijirudia. Tabia yake ilielezwa kwa neno moja tu, "mkali" au "mwoga", bila kusema ilivyotokea. Na mlezi, yaani anayemchukua mbwa nyumbani, alichaguliwa kwa kuwa anapenda mbwa, hakuna aliyeuliza kama ratiba na nyumba yake vinamfaa mbwa huyu. Hatua zifuatazo zimepangwa kuziba mianya hiyo. Mafunzo yamo, ila hayabebi kila kitu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkanda wa kifuani usiobana makwapa, wenye pete mbili: moja kifuani, nyingine mgongoni.
- Kola bapa yenye kibati cha namba ya simu. Ikivaliwa, vidole viwili vipite chini yake, vitatu visipite.
- Kamba ya mita 2 ya matembezi na kamba ya mita 10 ya mazoezi ya uwanjani. Zile zinazojivuta zenyewe kwenye kasha ziache: humfundisha mbwa kuvuta, na zikikuponyoka kasha humfuata kwa kishindo na kumtia hofu.
- Kifunga mdomo cha umbo la kikapu, kinachomwezesha kuhema mdomo wazi na kunywa maji. Vile vya kitambaa vinavyobana taya havifai kwa zaidi ya dakika chache.
- Vipande vya nyama laini iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kila kimoja kama nusu sentimita.
- Geti dogo la mlangoni au kizimba.
- Dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzaimu zinazovunja mabaki ya mkojo na harufu yake).
- Daftari, na simu yenye kamera.

Tenga wiki 4 au zaidi kwa tabia nyepesi. Mbwa mwenye hofu kali anaweza kuhitaji wiki 8 au zaidi kabla hajawa tayari kutangazwa.

## Hatua ya 1: Daktari wa wanyama kwanza

Maumivu hufanana sana na ukorofi. Mbwa mwenye sikio lililooza anaweza kuuma mkono unaogusa kola, na mwenye nyonga mbovu hunguruma akisogezwa kwenye kitanda chake. Mwenye minyoo na njaa ya muda mrefu anaweza kulinda chakula kuliko kawaida.

Usiombe "uchunguzi wa jumla". Taja mambo kwa majina: masikio, meno, nyonga, magoti, ngozi, macho, kinyesi. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa ipo (kwa kawaida huanza akiwa na umri wa wiki 12) na zile za distempa na parvo, magonjwa hatari ya virusi kwa mbwa. Mwekee pia mikrochipu (kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) kama inapatikana.

Kuhasi kufanyike mapema, kwa sababu kidonda huhitaji siku 10 hadi 14 kupona na mbwa mwenye mshono hapimwi tabia. Usimwahidi mtu kwamba kuhasi kutaondoa ukali. Hupunguza kutoroka kufuata majike na kukojolea kuta. Hakutibu woga, na kwa dume mwenye hofu nyingi ni vyema ujadiliane na daktari kuhusu wakati wa kufanya hivyo.

Umefanikiwa ukiwa na: karatasi ya daktari inayosema wazi kama kuna maumivu au hakuna, na matibabu yaliyokamilika.

## Hatua ya 2: Mpe muda wa kutulia

Siku 3 za kwanza usimfundishe kitu. Awe na mhudumu mmoja au wawili, saa zilezile za kula na kutoka nje, na sehemu isiyo na msongamano. Mbwa kijana huhitaji kulala saa nyingi kwa siku, na kelele za kituo humnyima sehemu ya usingizi huo. Sehemu ya "ukorofi" wa mbwa wa vituoni ni uchovu mtupu.

Onyo: mbwa aliyejikunja pembeni kimya siku ya pili si mpole. Huenda amegandishwa na hofu. Tabia yake halisi hujitokeza taratibu, mara nyingi baada ya wiki 2 au 3, na ndiyo maana yule aliyechukuliwa haraka "hubadilika" akifika nyumbani.

Umefanikiwa akianza: kula mlo wote, kulala ubavu miguu ikiwa imenyooka, na kuchukua nyama mkononi kwa ulimi bila kudakia.

## Hatua ya 3: Andika matukio, usiandike sifa

Ukiruka hatua hii, zote zinazofuata ni kubahatisha. Kwa siku 10 hadi 14, kila anayemshughulikia aandike kila tukio kwa mpangilio huu: nini kilitangulia, mbwa alifanya nini, nini kilifuata, umbali ulikuwa mita ngapi, na alichukua muda gani kutulia.

Linganisha maandishi haya mawili:

*"Ni mkali kwa mbwa wengine."*

*"Jumanne saa 2 asubuhi. Mbwa alitokea mita 15 mbele yetu. Alikakamaa, akafunga mdomo, akakodoa macho sekunde 2, kisha akabweka na kuvuta. Tulirudi hadi mita 30. Baada ya dakika 1 alikula."*

La kwanza linafukuza watu na halimsaidii mkufunzi. La pili linakuambia umbali wa kuanzia mazoezi, dalili ya kuangalia, na kwamba mbwa huyu hupoa haraka, jambo ambalo ni sifa nzuri sana.

Fundisha kila anayemshika kusoma dalili za mwanzo: kujilamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo asipokuwa na usingizi, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, kukakamaa ghafla, kuinua mguu mmoja wa mbele. Mkia unaotikisika si ushahidi wa furaha. Mkia ulioinuliwa juu ukatikiswa kwa haraka na kwa ugumu huweza kutangulia kuuma.

Chunguza kila jambo peke yake, kwa siku tofauti: akivalishwa mkanda, akiguswa miguu, akila, akiwa na mfupa, akikutana na mwanamume asiyemjua, akiona mtoto kwa mbali, akiona paka nyuma ya geti, akiachwa peke yake dakika 20 huku simu ikimrekodi. Usimchokoze ili uone kama atauma. Kuingiza mkono kwenye bakuli la mbwa anayekula ni kumfundisha kulinda bakuli.

Umefanikiwa ukiweza: kujaza sentensi hii bila kusita: "Akiona ___ kwa umbali wa ___, hufanya ___, na hupoa baada ya ___."

## Hatua ya 4: Amua kama anafaa kutolewa

Kama aliwahi kuuma, pima kwa jeraha, usipime kwa kelele. Daktari wa wanyama Ian Dunbar aliweka ngazi 6 zinazotumiwa na wengi. Ngazi ya 1 ni vitisho na kudakia hewa bila jino kugusa ngozi. Ya 2, jino limegusa lakini halikutoboa. Ya 3 ni matundu 1 hadi 4 kutokana na ng'ato moja, hakuna lililoingia zaidi ya nusu ya urefu wa chonge. Ya 4, tundu limezidi nusu hiyo. Ya 5 ni ng'ato nyingi za kina hicho, na ya 6 ni kifo.

Ngazi ya 1 na 2 hufundishika, hasa kwa mbwa kijana. Ya 3 anahitaji mlezi mzoefu, nyumba isiyo na watoto, na mtaalamu wa tabia anayefuatilia. Kuanzia ya 4 usimtangaze kwa umma. Jambo hilo liamuliwe na daktari pamoja na mtaalamu wa tabia. Kumpa familia mbwa wa namna hiyo kwa matumaini kwamba upendo utamgeuza ni kuwahamishia hatari ambayo hawakuiomba.

Mtu yeyote akiumwa wakati wa kazi hii, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko. Usisubiri dalili za kichaa cha mbwa: zikitokea, karibu hakuna anayepona.

## Hatua ya 5: Fundisha yale tu yanayomzuia kupata makao

Vipindi viwe vya dakika 3 hadi 5, mara 3 au 4 kwa siku. Acha "toa mkono" na mbwembwe nyingine za kupigia picha. Shughulika na kilichomrudisha.

Kurukia watu na kung'ata mikono. Hulka ya ujana hii, na huisha haraka kuliko nyingine. Miguu yote minne ikiwa chini, nyama inadondoshwa sakafuni. Akiruka, mtu anageuka kimya na kutoka nyuma ya geti kwa sekunde 10. Kumsukuma kwa mikono na kumpigia kelele huugeuza mchezo. Hushindikana pale mtu mmoja kati ya watano anapoendelea kumkumbatia akiruka. Weka tangazo mlangoni pake.

Kubwekea wenzake akiwa kwenye kamba. Anza kwenye umbali ambao daftari linasema bado anaweza kula, mfano mita 30. Mbwa mwingine akionekana, mpe nyama moja baada ya nyingine. Akitoweka, nyama inakoma. Mpangilio ni huo: mbwa kwanza, nyama baadaye. Ukitangulia kutoa nyama, atajifunza kwamba nyama ni ishara ya balaa linalokuja. Sogea mita 2 au 3 tu pale anapoanza kukugeukia mwenyewe kila akiona mbwa. Asipokula, mko karibu mno. Rudi nyuma bila kumkemea.

Kulinda chakula. Pita umbali wa mita 2 kutoka bakuli lake, rusha kipande kitamu kuliko anachokula, endelea na njia yako. Fanya hivyo mara 5 kila mlo. Baada ya siku kadhaa atainua kichwa kwa furaha akikuona. Punguza umbali kwa nusu mita. Mfupa au kitu alichokamata kibadilishwe kwa nyama, kisichukuliwe bure. Watoto wasihusishwe kabisa na zoezi hili.

Kuachwa peke yake. Kwanza tenganisha kuchoshwa na hofu kwa kutazama video. Aliyechoshwa hutafuna viatu kisha hulala. Mwenye hofu hutweta, hudondosha mate, hukwaruza mlango ndani ya dakika chache za kwanza, na hakigusi chakula kitamu ulichomwachia. Huyo wa pili huanza na sekunde: toka, rudi kabla hajahangaika, ongeza kidogokidogo, kisha changanya muda mrefu na mfupi ili asiweze kukisia. Kumfungia kwenye kizimba "azoee" huweza kumfanya avunje meno na kucha. Ni tabia inayochukua miezi kurekebisha, hivyo mara nyingi dawa yake ya kweli ni kumtafutia nyumba yenye mtu mchana kutwa.

Kifunga mdomo. Mzoeshe kila mbwa aliyewahi kudakia au kuuma. Siku za kwanza anakula nyama ndani ya kikapu bila kufungwa. Kisha mkanda unafungwa sekunde 2, 10, 60. Siku 7 hadi 14 zinatosha kwa wengi. Kikivalishwa kwa nguvu mara moja tu, utaanza upya.

Haja ndani ya nyumba haihitaji maelezo marefu: atolewe akiamka, akila, akimaliza kucheza na kila baada ya saa 2, azawadiwe palepale alipojisaidia, na pa kale pasafishwe kwa vimeng'enya.

Onyo kwa yote hapo juu: usimwadhibu akinguruma. Kunguruma ni taarifa. Mbwa aliyepigwa au kuvutwa kwa mnyororo wa kukaba kila anaponguruma huacha kutoa taarifa, hofu ikabaki palepale, na siku nyingine anauma "bila sababu".

Umefanikiwa: daftari linapoonyesha umbali umepungua au muda wa kupoa umefupika kwa wiki 2 mfululizo, mbele ya watu angalau watatu tofauti. Mbwa anayemtii mkufunzi wake peke yake hajawa tayari.

## Hatua ya 6: Tangazo

Picha mbili za nje, mbwa akiwa ametulia, na video ya sekunde 30 akitembea na kamba. Usitumie picha akiwa nyuma ya nondo.

Maneno yawe mafupi, yataje tabia na nyumba inayotakiwa: "Dume, miezi 14. Anapenda watu wazima, anajifunza haraka. Hubwekea mbwa walio umbali wa chini ya mita 10, na hulinda mifupa. Anahitaji nyumba ya watu wazima, uwanja wenye uzio wa mita 1.8, bila mbwa mwingine." Tangazo la aina hii huleta simu chache. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu zinazokuja zinatoka kwa watu waliosoma.

Epuka maneno ya huruma. "Siku zake zimebaki chache" huleta mtu aliyeguswa leo ambaye wiki ijayo hatakuwa na subira.

## Hatua ya 7: Mchuje mlezi kwa maisha yake ya kila siku

Swali la "unapenda mbwa?" halina kazi. Uliza yanayoweza kukaguliwa:

- Siku ya kazi, mbwa atakuwa peke yake kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?
- Nani atamtembeza asubuhi, na mtu huyo akiugua, nani?
- Nani mwingine analala ndani ya nyumba, na kila mmoja amekubali?
- Watoto wangapi hufika hapo, hata kama ni wajukuu wa mwisho wa wiki?
- Nyumba ni ya kupanga? Mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi?
- Mbwa wa mwisho uliyefuga yuko wapi sasa?
- Akimng'urumia mgeni, utafanya nini dakika hiyo?

Swali la mwisho hufichua mengi. Anayejibu "nitamchapa ajue nani mkubwa" hafai kwa mbwa mwoga, hata akiwa na uwanja wa ekari nzima. Anayejibu "sijui, mnishauri" ni bora mara kumi.

Kisha msomee daftari. Lote, pamoja na siku mbaya. Angalia kama anauliza maswali au anatikisa kichwa tu.

Sababu za kukataa bila kujadili: mtoto mdogo nyumbani kwa mbwa anayelinda vitu, mbwa atakayefungwa mnyororo kutwa, mtu anayemchukua kama zawadi kwa mwingine, mtu asiyekubali kutembelewa.

## Hatua ya 8: Kukutana mara tatu

Mara ya kwanza kituoni. Mlezi aketi ubavu, asimkodolee macho wala kuinama juu yake, mbwa ndiye asogee. Mara ya pili mlezi ashike kamba na kumlisha. Mara ya tatu ije familia nzima. Acheni siku moja au zaidi kati ya mikutano.

Kama mlezi ana mbwa, wakutanishwe nje, mahali pasipo pa yeyote kati yao. Watu wawili watembee upande mmoja, mita 10 kati yao, kwa dakika 20 hadi 30, wakisogeleana kadiri miili inavyolegea. Wakinusana, iwe sekunde 3 kisha waitwe. Kuwakutanisha mlangoni kwa mwenyeji, kamba zikiwa zimekazwa, huanzisha ugomvi ambao wasingekuwa nao.

## Hatua ya 9: Siku ya kukabidhi

Mkabidhi asubuhi ya siku ambayo mlezi ana siku 2 au 3 za mapumziko mbele yake. Mbwa wengi hupotea katika siku za mwanzo, wakichomoka mlangoni au kwenye gari. Kwa hiyo atoke na kamba mbili: moja kwenye mkanda wa kifuani, nyingine kwenye kola. Asifunguliwe ndani ya gari kabla kamba hazijashikwa, na namba ya simu kwenye kibati iwe ya mlezi tayari.

Mlezi aondoke na:

- Nakala ya daftari na karatasi za daktari.
- Chakula cha siku 7. Kipya kichanganywe robo kwa siku 2, nusu kwa siku 2, robo tatu kwa siku 2, kisha chote. Kubadili ghafla huharisha, na kuharisha ndani ya nyumba hudhaniwa utovu wa adabu.
- Kitambaa alichokuwa akilalia, kikiwa hakijafuliwa.
- Mkataba wenye kifungu kimoja kisichojadiliwa: akishindwa, mbwa arudi kwako, asipewe mtu mwingine.

Maagizo ya wiki ya kwanza yatoshe ukurasa mmoja: chumba kimoja, njia ileile ya matembezi, hakuna wageni, hakuna kuogeshwa, hakuna kufungua kamba nje.

## Hatua ya 10: Ufuatiliaji

Piga simu siku ya 1, 3, 7, 21 na 90. Usiulize "anaendeleaje?" kwa sababu utajibiwa "vizuri". Uliza: amekula? amelala wapi? ameng'uruma lini mara ya mwisho, na nini kilitangulia?

Wiki ya 3 ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mbwa ameshazoea, anaanza kujaribu, na mlezi ameshalegeza geti na ratiba. Hapo ndipo simu za "amebadilika" hupigwa. Mara nyingi tiba ni kurudi kwenye utaratibu wa wiki ya kwanza kwa siku 5, kisha kulegeza kitu kimoja kwa wakati.

Kufikia miezi 3, dalili nzuri ni hizi: analala nyumba ikiwa na shughuli, anapoa ndani ya dakika moja au mbili baada ya kushtuka, na mlezi anaweza kukutajia dalili za mwanzo bila kusoma daftari.

Akirudishwa, mpokee bila lawama na umwombe mlezi akae nusu saa aeleze matukio yaliyotokea nyumbani. Habari hizo kituo hakiwezi kuzipata kwa njia nyingine: anavyokuwa usiku, gari linapoingia, mgeni anapovuka kizingiti. Ziandike kwenye daftari lilelile, mpe mbwa siku 3 za kutulia, kisha anza tena kuanzia hatua ya 3.